Mkono wa Chuma wa Bwana Faru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na viwanda vyao, Bwana Faru alikuwa na kiwanda cha masufuria. Ngo! Ngo! Ngo! Mama Kanga, Kobe na Kindi walishinda humo wakigonga bati. Wakimsalimu tajiri wao, yeye hupita tu, wala haitiki!

Siku moja Faru akaleta mkono mkubwa wa chuma.

"Huu hauli, hauchoki, na hufanya lolote uonyeshwalo. Kindi, ufundishe kila kitu mnachofanya humu. Kesho nyote mwende zenu!"

"Yarabi! Vifaranga wangu watakula nini?" Mama Kanga akalia.

"Nyamaza, dada," Kindi akamnong'oneza. "Si kasema kila kitu?"

Akauonyesha mkono kugonga bati: ngo! ngo! Kisha akauonyesha na desturi ya wafanyakazi: mtu akiingia, weka nyundo chini, mpe mkono, mtikise kwa furaha. Kuachia hakuuonyesha.

Asubuhi Faru akaingia kifua mbele, na wafanyakazi mlangoni wamefunga virago. Mkono ukaweka nyundo chini, ukamdaka mguu wa mbele, kwapu! Tiki-tiki-tiki-tiki! Faru akayumba huku na huku, akayaparamia masufuria, yakaporomoka kwa kishindo.

"Niache! Jamani, nakufa!"

"Unakusalimu tu, Bwana Faru," akasema Kindi. "Si ulisema nifundishe kila kitu?"

"Uzime!"

"Kitufe kiko kule juu begani. Kinataka mtu wa kupanda, na mtu mwenyewe umemfukuza kazi."

Faru akatikiswa mpaka meno yakagongana.

"Ru-ru-rudini! Rudini nyote! Naapa, kazi ni yenu!"

"Na huu mkono?"

"Utanyanyua mabati mazito, basi!"

Kindi akaparamia juu, akabonyeza, ta! Mkono ukalegea, ukaachia. Faru akaanguka chini, puu!

Mama Kanga akashusha pumzi ndefu. Akacheka, akalia, akacheka tena, kisha akaokota nyundo yake. Loo, raha iliyoje! Jioni vifaranga walikula wakashiba.

Tangu siku hiyo, Faru akifika kazini huwahi kuwasalimu wote yeye kwanza, tena akiwa bado mlangoni, mbali na ule mkono.

Mkono mmoja haulei mwana, wanangu, hata uwe wa chuma.