Panya Waliozoea Karanga

Wewe unayesikiliza, umewahi kuwalisha panya kila asubuhi kwa miaka miwili huku wewe mwenyewe umeshindia strungi, chai kavu isiyo na maziwa? Nafuna amewahi. Digrii ya zoolojia anayo, first class, na maabarani wakamwita "mtu wa kujitolea". Alivumilia kwa ahadi moja tu: jaribio likifaulu, ataajiriwa. Likimalizika bila ajira, anarudi Webuye kwa mamake na vyeti kwenye bahasha.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Panya wanatiwa mzio wa karanga, kisha wanalishwa karanga hiyo hiyo, leo chembe, kesho chembe na nusu, mpaka mwili uache kupigana nayo.

Mutinda, msafisha vizimba, kipaji chake kilikuwa pua. Miezi ya kwanza hakuna panya aliyeshika mzio. Madaktari wakakuna vichwa. Mutinda akanusa gunia la chakula chao. "Nyinyi wasomi! Haya si mashudu ya karanga? Hawa wameizoea tangu utotoni!" Chakula kikabadilishwa, kazi ikaanza upya.

Chepkirui, kipaji chake kilikuwa kipimo. Alisaga karanga na kupima unga usioonekana vizuri kwa macho. Ukizidi, panya anakufa. Ukipungua, hazoei. Hakuzidisha, hakupunguza.

Nafuna, kipaji chake kilikuwa mkono. Panya akishikwa na mtu asiyemjua hutapatapa, dozi ikamwagika. Kwake walitulia tuli. Hakukosa siku, hata Krismasi.

Siku ya mtihani panya wote wakapewa karanga za kutosha. Wasiotibiwa, wale walioachwa na mzio wao ili walinganishwe, joto la mwili likaporomoka, wakalala chali. Waliotibiwa? Wakaendelea kujisugua masharubu.

Mkurugenzi wa maabara akaingia akitabasamu. "Well done, team! Ajira ni moja. Kubalianeni, nataka jina before lunch."

"Moja?" Nafuna akauliza. "Si tuliahidiwa tatu?"

"Mbili zimeshapata wenyewe."

"Wenyewe gani, hao ambao hawajagusa hata mkia wa panya?"

"Dada, punguza hasira."

"Sipunguzi! Hasira ndiyo kitu pekee nilichopewa hapa full-time."

Mkurugenzi akaenda zake. Wale watatu wakageukiana.

"Bila pua yangu mngekuwa mnatibu panya wazima," Mutinda akasema.

"Na bila mizani yangu mngekuwa mnawazika," Chepkirui akajibu.

"Na bila mkono wangu, dawa yenu ingeishia sakafuni!" Nafuna akafoka, kisha akaona aibu. Hawa ndio waliogawana naye mandazi siku zote hizo, na sasa anawatazama kama wezi. Kalamu anayo yeye. Karatasi bado nyeupe.

Je, wewe ungeandika jina la nani?

Nawe Mkurugenzi, usijifiche nyuma ya swali hili. Wataje hadharani hao wawili uliowapa nafasi, utuambie walifanya nini, kisha uzirudishe zote mbili mezani. Leo, si kesho.