Mtetemo wa Gari la Komora

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Mto Tana ulivunja kingo zake, ukameza mashamba ya migomba na mpunga ya Wenje, kisha ukatambaa hadi mbugani na kuugeuza udongo mweusi kuwa uji mzito. Malori yaliyotoka Garsen yalizama hadi kwenye ekseli, na wenyewe wakayaacha papo hapo na kurudi makwao kwa miguu, suruali zikiwa mabegani. Kati ya Wenje na Garsen lilibaki gari moja tu lililothubutu kutia gurudumu njiani, nalo lilikuwa Landrova ya Komora.

Komora alikuwa mwanamaji kabla ya kuwa dereva. Babu yake na baba yake walivusha watu mtoni, naye alishika kafi tangu utotoni. Landrova aliinunua kwa mpima ardhi mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Ilikuwa kuukuu, turubali lake limejaa viraka, lakini Komora aliipenda kuliko mtumbwi wowote aliowahi kuuchonga. Watu wa Wenje walimtania kwamba siku akishikwa na mafua atajipaka grisi puani.

Hata hivyo, halikuwa jambo la mzaha lililomfanya aamue kuliinua gari lile juu zaidi ya magurudumu yake. Mkewe Hawo alikuwa mjamzito. Mimba zake zilizotangulia zilikuwa zimeharibika zote, na Rebecca, mkunga wa hospitali ya wamishonari iliyokuwa kando ya mto, chini kidogo ya Garsen, alikuwa amemweleza Komora bila kumficha: uchungu ukianza tu, Hawo apelekwe hospitali, asithubutu kujifungulia nyumbani, kwa kuwa mtoto amekaa vibaya. Komora alipoona maji yanapanda na tumbo la mkewe linazidi kukua, usingizi ulimruka. Alikata shauri kwamba gari lake halitakwama siku hiyo, hata mbingu ishuke.

Basi akatwaa tezo lake la kuchongea mitumbwi, akachonga vipande vya mkwaju mkavu, akavipachika kati ya springi na ekseli na kuvikaza kwa vyuma virefu alivyofuliwa na mhunzi. Vipimo vyote alipima kwa jicho, kama walivyopima wazee wake. Mtumbwi hupimwa kwa jicho, nao huelea, basi kwa nini gari lisiende? Alipomaliza, Landrova ilikuwa imesimama juu kama mbuni, na Hawo alihitaji kigoda ili aweze kuipanda. Alicheka hadi akashika mbavu.

Matopeni gari lilipita bila wasiwasi. Lakini lilipofika kwenye ardhi kavu na kuanza kushika mwendo, Komora alihisi mtetemo. Ulitoka chini ya viti, ukampanda miguuni, ukamfika hadi kwenye meno. Hapo akakumbuka fundisho la mtoni. Mtumbwi ukiingia mahali mikondo inapogombana, hutetemeka wote; mwanamaji mjinga huinua kafi akashangaa, na maji yakamgeuza; mjuzi hukaza kafi mpaka avuke. Komora akakanyaga mafuta. Ni kweli, mwendo ulipozidi, mtetemo ukatulia. Akajipiga paja kwa furaha, akaona gari nalo ni mtumbwi, ila limevaa viatu.

Mtu wa kwanza kumwonya alikuwa rafiki yake Galma, mfugaji wa Kiorma, aliyepanda gari siku moja akipeleka ngozi Garsen.

"Komora, gari hii nashikwa na homa," alisema Galma, mikono yake ikiwa imeng'ang'ania ubao. "Ng'ombe yangu natetemeka hivi, mimi hapana peleka malishoni. Mimi nafunga yeye, natafuta dawa kwanza."

"Galma, gari si ng'ombe," Komora alijibu huku akicheka. "Dawa yake ni hii." Akakanyaga mafuta, mtetemo ukapotea. Galma alitikisa kichwa, akaendelea kuung'ang'ania ubao hadi wakafika.

Wa pili alikuwa fundi Kassim. Huyu alikuwa mtu wa Kipini aliyejifunza ufundi jeshini wakati wa vita, akafungua kibanda chake pale Garsen. Ulimi wake ulikuwa mkali na hakuwa na adabu ya kumsubiri mtu aulize. Alilisikia gari la Komora likiingia sokoni, akatandika gunia, akajitia chini yake.

"Nani alokuchongea mbao hizi?" sauti yake ilitoka chini.

"Mimi mwenyewe."

"Kwa mtumbwi u bingwa, sikatai. Huku umeharibu. Kila ubao ncha ya mbele nene, ya nyuma nyembamba. Difu, hili bonge la ekseli ya nyuma, imeinamisha pua chini. Sikiza, bwana. Propela, hicho chuma kirefu kipelekacho nguvu nyuma, ina viungo viwili, kimoja giaboksi, kimoja difu. Vikipinda sawasawa, huchukuliana, na chuma chazunguka kwa raha. Vyako kila kimoja kimepinda kivyake, na hicho chuma kilicho kati chateswa."

"Lakini fundi, nikiongeza mwendo linatulia."

Kassim alijitokeza, uso umejaa matope. "Halitulii. Ni wewe usolisikia! Niachie gari hadi kesho. Nitatia kabari za chuma, niinue pua ya difu, viungo vitazamane. Na kiungo hiki cha nyuma kishalika, nitakibadili. Kazi ya asubuhi moja."

Komora alisitasita. Maneno ya fundi yalimwingia, lakini pale pale palikuwa na watu na mizigo yao wakimsubiri, nao walikuwa wakimsifu kwamba gari la Komora halizami. Sifa ni tamu. "Mke wangu amekaribia, fundi," alisema. "Siwezi kulala huku bila gari. Akishajifungua salama, nitakuletea."

"Kwa kuwa amekaribia ndiyo lafaa litengezwe sasa," alisema Kassim. Lakini Komora alikuwa ameshapanda garini.

Ule ulikuwa udhuru tu. Siku zilizofuata alilala Garsen zaidi ya mara moja kwa sababu ya mizigo ya watu, na kibanda cha Kassim kilikuwa pale pale, hatua chache tu kutoka alipolaza kichwa. Mafuta yalianza kuvuja kwenye pua ya difu, akayafuta kwa kitambaa. Nati zililegea, akazikaza. Chini kukazuka mlio kama wa panya aliyebanwa mlangoni, akaupaka grisi, ukanyamaza, naye akaridhika. Kila dalili ilipotoka aliifunika. Hawo alipomuuliza kama gari li salama, alimjibu kwamba asiwe na hofu, yeye ndiye nahodha.

Uchungu ulianza asubuhi moja, kabla umande haujakauka. Mwanaarusi, mama yake Hawo, alikuwa amekuja kumkalia bintiye. Alimwita mkwewe kando.

"Baba, mtumbwi upo na vijana wapo," alimwambia kwa upole. "Maji yenyewe yanashuka kwa nguvu. Mkitoka sasa, jua halitazama kabla hamjafika."

"Mama, kwa gari tutafika jua likiwa utosini," alisema Komora. "Gari hili nililiinua kwa ajili ya siku hii."

Mwanaarusi hakubishana na mume wa mwanawe. Walitandika godoro nyuma ya gari, Hawo akalazwa, kichwa chake mapajani mwa mama yake, wakaondoka. Kwa kuwa mto ulikuwa umefurika, njia ililazimika kukata mbugani, mbali na kingo na mbali na kila mtumbwi. Matopeni gari lilinguruma, likayumba, likapita. Komora alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha wakafika kwenye uwanda mkavu, gari likashika mwendo, na mtetemo ukaanza.

Siku hiyo ulikuwa mkali kupita siku zote. Debe la maji lilirukaruka, mbao zikalia. Hawo alipiga ukelele.

"Komora! Tetemeko hili linanimaliza! Punguza, kwa ajili ya Mungu, punguza!"

Mguu wa Komora ulitaka kunyanyuka, lakini miaka ya mtoni ilimwambia vingine. "Vumilia kidogo, mke wangu," alipaza sauti. "Nikikaza litatulia sasa hivi." Akakanyaga mafuta hadi mwisho. Mtetemo ukapungua, ukafifia, ukatulia. Akageuka kumtazama mkewe ili amwonyeshe kwamba alisema kweli.

Hapo ndipo chini ya gari palipopasuka kishindo. Kiungo cha nyuma kilikatika, na propela, ikiwa bado inazungushwa na injini, ikapiga huku na huku kwa nguvu zote. Ilivunja ubao wa sakafu na kulipasua kasha la giaboksi. Landrova ilipinda, ikaburuzika, ikasimama kando ya kichaka, mafuta meusi yakimwagika mchangani. Injini iliunguruma bado, lakini si magurudumu ya nyuma wala ya mbele yaliyozunguka tena. Komora aliingiza gia hii na ile, akalia kama mtoto.

Alikimbia mbugani akipiga mayowe mpaka akakutana na watu wa boma la Galma, waliokuwa wamehamisha mifugo mahali pa juu. Galma aliwaita vijana wake, wakamfuata mbio hadi garini. Walimlaza Hawo juu ya ngozi ya ng'ombe, wakashika ncha zake na kwenda kwa hatua za haraka kuelekea mtoni, mwendo wa nusu siku. Mtoto alizaliwa njiani, chini ya kivuli cha shuka iliyoshikwa na wanaume waliogeuza nyuso zao. Alikuwa wa kiume, amekamilika kila kiungo. Hakulia. Mwanaarusi alimfunika kwa ushungi wake, akasema, "Twendeni, mama yake bado yu hai."

Mtoni walipata mtumbwi wa wavuvi, na Komora mwenyewe akashika kafi hadi hospitalini. Rebecca alitoka chumba cha wagonjwa usiku, amechoka.

"Mkeo ataishi," alisema. "Lakini ametoka damu nyingi mno, na kizazi kimepasuka. Hatazaa tena, kaka yangu. Nisingependa kukuficha. Mngefika mchana, mtoto tungemwahi."

Komora aliketi barazani hadi kukacha. Alizika mwanawe kesho yake kwenye udongo ulioloa, na watu wakampa pole, lakini kila pole ilimchoma.

Hawo alikaa hospitalini hadi maji yakapungua. Katika muda huo Kassim alilivuta gari kwa maksai wa Galma. Kasha la giaboksi alilipata kwenye gari bovu, akaweka propela na viungo vipya. Kisha akatia zile kabari za chuma, akainua pua ya difu, akapima kwa uzi na kipande cha chuma chenye pembe. Hizo kabari zilimchukua asubuhi moja, kama alivyosema. Safari hii ulimi wake haukuwa na ukali wowote. Alimkabidhi Komora funguo, akaangalia pembeni.

Komora alimfuata mkewe kwa gari lile. Hawo alikaa mbele, amekonda, mikono yake mitupu imelala mapajani. Walipofika kwenye uwanda mkavu, gari lilishika mwendo wa wastani, likaupita, likaongeza. Halikutikisika hata kidogo. Komora aliuhisi ule utulivu kuanzia kwenye usukani hadi nyayoni, na alitamani gari litetemeke, lipasuke, lifanye lolote, kuliko kwenda vizuri namna ile.

Hawo aliutegea sikio ule utulivu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama:

"Kumbe lilikuwa linatengenezeka."

Komora aliendesha hadi Wenje machozi yakimtiririka, na tangu siku ile, kila aliyemuuliza habari za mwanawe, alimjibu kwa maneno haya tu: mdharau mwiba guu huota tende.