Bwana Kifaru na Neno la Vita

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufua kama sisi, kiangazi kilikausha visima vyote. Ikabaki chemchemi moja tu, katikati ya majabali, yenye mlango mmoja mwembamba. Bwana Kifaru na Jemadari Nyati wakaishika.

Bi Pimbi, kijinyama kidogo kiishicho mawe kwa mawe, alikuwa na watoto wanne nyumbani, midomo imewapasuka kwa kiu. Siku moja alijaribu kushuka kwenye majabali, Kifaru akamwona na kumtimua. Kesho yake asubuhi akaja mlangoni na ndoo yake.

"Shikamooni, wazee wangu. Naomba maji ya watoto."

"Marahaba. Hakuna!" akanguruma Kifaru.

"Haya. Adhuhuri tutarudi pimbi sote, tuwapige ubavuni!"

Akawatazama usoni, akageuka, tapu tapu tapu, akaenda zake.

Bwana Kifaru akaduwaa. Ubavuni? Kiumbe asiyemfikia hata gotini? Aliona haya kumwita Bi Pimbi amuulize, akamgeukia mwenzake.

"Jemadari, kupigwa ubavuni ndiyo nini?"

Nyati naye hakujua. Ujemadari alijipa mwenyewe, kwa sababu ya pembe. Akakohoa.

"Ehm! Neno la vita hilo. Ubavu si ndizo mbavu hizi? Watatuchoma mbavu kwa mishale."

"Za kulia au za kushoto?"

"Za... zote!"

Maskini Kifaru! Akaegemeza mbavu za kulia kwenye jabali. Za kushoto zikabaki wazi. Akageuka, za kulia zikabaki wazi. Akageuka tena na tena mpaka kichwa kikamzunguka.

"Tujibane mlangoni," akasema Nyati. "Wewe jabali hili, mimi lile, katikati tuegemeane. Mbavu watazionea wapi?"

Wakajisukuma, hii! hii! mpaka wakaingia, kwap! Nyuso nje, mikia ndani.

Adhuhuri ikafika. Kimya. Hakuna mshale hata mmoja! Mara nyuma yao, chubwi! Gluglu, gluglu.

"Jemadari, nani anakunywa?"

"Geuka utazame."

"Nimenasa! Geuka wewe."

"Na mimi nimenasa!"

"Ni sisi, wazee wangu," ikaja sauti ya Bi Pimbi. "Tumewapiga ubavuni."

"Mbona mbavu zangu hamkuzigusa?" akalia Kifaru.

"Lo! Ubavu wa vitani si mbavu za mtu. Ni upande wa pembeni, ule adui asioutazama. Nyinyi mmekodoa macho mbele, sisi tumeshuka majabali ya pembeni."

Kifaru akawaza, akawazua. "Lakini ulituambia mapema!"

"Niliwaambia, nikawaona usoni kwamba hamkunielewa; ndiyo maana sikuogopa kuja."

Jua likawawakia wale wawili, ndimi nje, maji wanayasikia wasiyaone. Mwishowe Kifaru akasema kwa sauti ndogo, "Bi Pimbi, tutoe. Kila mnyama atakunywa, naapa."

"Na jemadari?"

"Naapa," akanong'ona Nyati.

Pimbi wakachimbua mawe, kwacha kwacha, mpaka wakubwa wale wakachomoka, mbavu zimechubuka kweli kweli. Jioni ile hata Digidigi alichota maji.

Hadithi yangu imefika majini, na inywe. Nanyi shikeni hili: neno usilolijua muulize anayelijua, usimuulize anayejifanya kulijua.