Viganja vya Odessa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, nina fumbo limenikaa kooni. Atakayelifumbua nitamvulia kofia. Mkishindwa nyote mtanipa mji, na nasema mapema kabisa, mji ninaoutaka ni Cleveland huko Marekani, maana ndiko mambo yenyewe yalikoishia.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Clifton Mabry alikuwa na mkono wa penseli: akikuchora, mbwa wa kwenu angeitikisia mkia karatasi. Delphine Teague alikuwa na mkono wa wino: akipitisha brashi juu ya penseli ya mwenzake, mstari uliolala unaamka. Efrain Quezada alikuwa na mkono wa mwendo: mpe picha iliyosimama, atachora nyingine na nyingine, na zikipitishwa upesi mbele ya macho yako utaapa kwamba mtu anatembea. Hawa ndio waliomleta duniani Odessa, na kesi inaanzia hapo.

Tumfuate Clifton. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akazikwa katika makaburi ya maskini, mahali ambapo hakuna aliyeweza kupaonyesha tena. Kilichobaki ni picha moja. Mwanamke dobi amesimama mlangoni pa kazi yake, amenyoosha viganja mbele kumzuia mpiga picha, anacheka. Kwa bahati mbaya alipepesa macho kamera ilipobofywa, kwa hiyo pichani amefumba macho.

Clifton alipoajiriwa na wachapaji wa vitabu vya katuni, akaambiwa abuni shujaa, hakukuna kichwa. Alimchora mama yake, akampa na jina lake, Odessa. Dobi huyu alishika pasi miaka mingi hata joto likahamia viganjani, na dhoruba ya theluji ikiufunika mji wake wa Cleveland, yeye hutoka kuwafukua watu kwa mikono mitupu. Akasimama kitabuni kama alivyosimama pichani: uso mbele, viganja mbele, macho amefumba.

"Mbona hafumbui macho?" mhariri aliuliza.

"Akifanya kazi huwa anaomba," Clifton akajibu.

Uongo mtupu. Hakuyajua macho ya mama yake, na asichokijua hakuthubutu kukibuni. Kitabu kikatoka, kikalala madukani.

Sasa Delphine. Karatasi zote za Clifton zilipita mezani kwake, na alizitia wino kwa uaminifu, mpaka ulipofika ukurasa ambao Odessa anamtoa kizee mmoja chini ya theluji. Delphine akaweka brashi chini. Mtu umemfukua akiwa hoi, halafu hata kumtazama humtazami? Akatoa kioo mkobani, akayaangalia macho yake mwenyewe, akayachora. Clifton alikuja kuyaona kitabu kimeshachapwa.

"Delphine! Nani amekutuma kumfumbua macho?"

"Hajanituma mtu. Mwanamke gani anaokoa mtu bila kumtazama, Cliff?"

"Hayo si macho yake!"

"Basi nionyeshe yake, niyafute haya."

Clifton akakibeba kitabu akaondoka. Wasomaji wao waliyapenda: kitabu kilichododa madukani kikaanza kugombaniwa, kila mtu akisema Odessa anamtazama yeye. Clifton alinuna siku nzima. Jioni aliufungua tena ukurasa ule peke yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mama yake akamtazama. Kesho yake alimpelekea Delphine pai ya viazi vitamu, akaiweka mezani kwake. Lakini desturi ya wachapaji wale ilikuwa jina moja tu juu ya jalada, la mchoraji. Mtia wino hakutajwa popote.

Miaka ikapita, Odessa akatakiwa kwenye filamu ya katuni. Clifton akahamia California, akaingia studio na mvi zake kujifunza kazi ya kuzitembeza picha, na aliyepewa kumfundisha ni Efrain. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Odessa alipotakiwa kutoka nje.

"Mzee Clifton, mgeuze basi aende zake."

"Huwa hageuki."

"Atatokaje mlangoni? Kinyumenyume?"

Chumba kizima kikacheka. Efrain akavirudia vitabu vyote, ndipo alipogundua ajabu: hakuna ukurasa hata mmoja wenye kisogo cha Odessa! Kila alipoondoka, Clifton alivumisha theluji au alifunga mlango. Wasomaji walidhani ni siri ya ushujaa. Kumbe mchoraji mwenyewe hakukijua.

Clifton akaitoa picha ile ya zamani kwenye pochi yake, akaeleza yote. Efrain hakucheka tena. Alikaa akamchora shangazi yake, mwuza tamale, ile mikate ya mahindi ya Kimeksiko, aliyemlea sokoni Los Angeles: nywele zimesukwa na kuviringwa juu ya shingo, mguu wa kushoto unatua kwa kishindo kidogo kwa sababu ya kusimama miaka mingi. Kazi ilipokwisha wakazima taa. Odessa akageuka. Akatembea taratibu katika barabara ya theluji, akafika mwisho, akatazama nyuma.

"Mama," Clifton akasema, mbele ya watu wazima wenzake, wala hakuona haya.

Filamu ile ilizunguka dunia, na watoto waliiga mguu wa kushoto wa Odessa mitaani. Jina la Efrain nalo lilikuwamo, ila lilipita mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshasimama wanatafuta makoti.

Haya, sikieni sasa. Watu wa Cleveland, kwa fahari waliyokuwa nayo juu ya dobi wao, wakamsimamishia sanamu. Ni nzuri, tusidanganyane! Viganja mbele, macho wazi, nywele zimesukwa kisogoni, na watu wanaizunguka pande zote. Mbele ya miguu yake fundi akamwaga saruji. Meya akatangaza: "Aliyetuletea Odessa aweke viganja vyake hapa, vidumu milele."

Wazee watatu wakajitokeza, wamevaa nguo zao za kanisani, vifua mbele. Clifton alikwisha kunja mikono ya shati. Akainama, halafu akasita, akawageukia wenzake.

"Nawaambia ukweli, naitaka nafasi hii," alisema. "Mama yangu hana hata jiwe la kaburi. Bila picha yangu Odessa hazaliwi."

"Nami naitaka," Delphine akasema. "Jalada hata moja halikuwahi kunitaja. Kabla sijampa macho, Cliff, nani alimpenda zaidi yako wewe?"

"Mimi pia, mzee wangu," Efrain akasema. "Wewe mwenyewe ulimwita mama siku alipotembea. Na mwendo ule ni wa shangazi yangu, ambaye naye hana sanamu."

Clifton akavitazama viganja vyake, akaitazama na ile sanamu. Alijiona tajiri wa mama kuliko watu wote uwanjani, na palepale viganja vikabaki hewani, maana kila neno la wenzake lilikuwa kweli.

Namwona pale nyuma mjanja mmoja anataka kusema waweke kimoja kimoja. Kaa chini. Nafasi ni ya viganja viwili, na wazee ni watatu. Huyo wa kumwacha nje ungemtazama usoni na kumwambia nini?

"Wazee wangu," fundi akaita, "saruji haina adabu, haimsubiri mtu."

Basi na nyinyi msijikune vichwa mpaka ikauke. Mmoja alimzaa, mmoja alimfumbua macho, mmoja alimtembeza. Viganja vya nani vikae miguuni pa Odessa? Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi, au nipe mji wangu.