Mize Apanda Jamvi Kupunguza Hamamu

Palikuwa na liwali katika mji wa Mchangamle, jina lake Mahfudhi, bwana mwenye tumbo lililomtangulia barazani na akili iliyokuja nyuma ikihema. Liwali huyu alipenda kuoga. Si kuoga kwetu huku kwa ndoo na kata, ukijimwagia huku unapiga kelele! Yeye alikuwa na hamamu yenye birika la mawe, na punda walipanda kilima kutwa kumletea maji. Sasa akaona birika halimtoshi. Ama limepungua birika, ama limeongezeka tumbo, mimi simo.

Mji ule ulikuwa na ada yake. Kila mwaka, kabla fedha za mji hazijatumika, karani huyasoma matumizi yake barazani, watu wote wakisikia. Mkazi yeyote akiona pamekaa vibaya, hupanda juu ya jamvi la baraza akasema, "Toeni hapa, tieni pale." Sharti ataje anapotoa na anapotia, haongezi tu kama mtu anayetia maji kwenye mchuzi baada ya kuona wageni. Wengi wakiridhia, hubadilishwa. Na aliye juu ya jamvi hashushwi kabla hajamaliza, hata akisema upuuzi. Ndiyo maana wapuuzi walilipenda sana jamvi lile.

Basi karani akasoma. Barabara akaisoma kwa sauti ya kuamsha waliosinzia. Taa za sokoni, vivyo hivyo. Alipofika penyewe, sauti ikashuka ghafla kama mtu apitaye mlangoni kwa anayemdai.

"Kuzibua kisima cha Mtaa wa Chini, kumefutwa. Fedha zake, kupanua hamamu ya Liwali."

"Rudia, bwana karani, hatukusikia!" sauti ikatoka nyuma.

Huyo alikuwa Mize binti Faki, dobi wa Mtaa wa Chini, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mnene. Kisima chao kilibomoka masika yaliyopita kikajaa kifusi. Na dobi asiye na maji ni nani? Ni mtu aliyezungukwa na nguo chafu za watu. Wateja walikuwa wakija kuzichukua nguo zao moja moja, wakimwonea haya. Kisima kikiachwa hivyo, hana budi kufungasha akaishi kwa wifi yake huko bara, na wifi huyo husema hata usingizini. Mize alipima, akaona heri agombane na Liwali.

Akavua ndara zake, akapanda jamvi.

"Ngoja!" Liwali akamwahi. "Kabla hujafungua kinywa, liko sharti."

"La tangu lini, bwana?"

"La tangu sasa. Mtu asipunguze kitu ambacho yeye mwenyewe hajapata kukitumia. Kwani atajuaje kama kinafaa au hakifai? Haya, Mize, sema kweli mbele ya watu: umewahi kuoga katika hamamu yangu?"

"Sijaoga, bwana. Hata kukaribishwa sijakaribishwa, nami shingo yangu unaiona ilivyo."

Baraza likacheka. Liwali akacheka zaidi, maana aliona amekwisha kushinda.

"Basi huijui. Shuka, mama, kafue."

"Nashuka, bwana. Sharti lenyewe zuri, limenikaa rohoni. Ila niulize, lisije likanipotea njiani. Ni letu sisi akina kanga mbovu tu, au ni la kila mtu?"

"La kila mtu."

"Hata mwenye kilemba?"

Liwali akamtazama kadhi aliyekaa kando yake, akatoa kifua. Alipenda sana kuonekana mwadilifu, hasa siku ambayo uadilifu haumgharimu kitu.

"Hata mimi mwenyewe! Sharti ni sharti."

"Mungu akuweke. Sasa kisima chetu, nani aliyekifuta?"

"Mimi."

"Ulipata kunywa maji yake?"

Mtu mmoja akakohoa, si kwa kikohozi.

"Mara nyingi!" akasema Liwali. "Maji matamu, ya baridi."

"Ulichotaje, bwana?"

"Swali gani hilo? Kwa ndoo na kamba, kama watu wote wanavyochota."

Lo! Mtaa wa Chini wakalaliana kwa kicheko. Mzee mmoja kofia ilimdondoka, akaiacha huko huko.

"Kisima chetu hakina kamba, bwana," akasema Mize kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. "Tangu wakichimbe babu zetu, tunashuka kwa ngazi za mawe mpaka majini."

"Labda... labda nilikunywa cha jirani."

"Basi kafute cha jirani."

Kadhi akajikuna ndevu. "Liwali, sharti umeliweka wewe, na jua halijasogea hata kidogo tangu uliweke. Usiyekunywa kisima hiki huwezi kukifuta."

Jasho likamshuka Liwali, hamamu ikiwa mbali. Mara akaruka kitini, uso umemng'aa.

"Kumbe neno lenyewe ni kunywa tu! Basi nitakunywa! Leo hii, mbele ya macho yenu! Nikishameza funda moja, nakifuta kwa mkono wangu huu, na nimwone atakayenizuia. Kuna wa kunizuia?"

"Hakuna, bwana," akasema kadhi.

"Wewe dobi, una la kusema?"

"Sina, bwana. Twende, kata ninayo," akajibu Mize, akivaa ndara zake. "Wewe kizibue tu, unywe, halafu ukifute."