Paka Aliyeingia Kwenye Seva

Mlango wa majaribio huingiza paka wa kweli. Mmeisikia leo paredi, nanyi watoto wa kidato cha kwanza mkacheka, kwa kuwa hamjui mnachekea msiba. Methali hii ilianza hivi.

Bweni hili liliwahi kuwa na kiranja aitwaye Nuhu Lwambano, mtu ambaye bila shaka alizaliwa amechomekea shati. Sheria yake ilikuwa moja: tranka lisilo na kufuli ni aibu ya bweni zima. Akilikuta wazi, mwenye nalo alilibeba hadi paredi, akasimama juu yake na kutaja kosa lake mbele ya shule nzima.

"Nilikwenda kunawa tu, Kiranja," watu walijitetea.

"Hata mwizi huja kuchungulia tu," Nuhu alijibu.

Nuhu huyohuyo ndiye aliyeongoza klabu ya kompyuta. Mwaka ule klabu ilijiandaa kwenda kwenye maonyesho ya sayansi na kazi ya Sekela Mwaisumo, msichana wa kidato cha tano. Tangu kidato cha tatu Sekela alikuwa akizunguka msitu ulio nyuma ya shule, akikusanya habari za mimea. Mmea mmoja ulikuwa na picha tu. Mwingine ulikuwa na majina ya kienyeji, maelezo ya harufu na sauti ya bibi mmoja akieleza unavyotibu kikohozi. Habari za namna hiyo hazikai kwenye majedwali, kwa hiyo Nuhu akachagua hifadhidata isiyodai majedwali, ambamo kila mmea hukaa na umbo lake.

Aliketi mbele ya seva, kompyuta ya klabu ya kutunzia habari iliyoendeshwa na Linux, akaandika amri za kuisakinisha, na mambo yakaenda kama maji mtelemkoni. Sekela akaingiza mimea yake yote, kisha akaifuta kwenye simu ya klabu aliyoikusanyia, iliyokuwa imejaa pomoni.

Sasa, programu ile ya hifadhidata ikishasakinishwa humsikiliza aliye ndani ya mashine yake tu. Nuhu alitaka majaji waione wakiwa mjini. Akafungua faili la mipangilio, akaiamuru imsikilize yeyote atakayebisha hodi, kutoka popote duniani.

"Na nywila?" Sekela aliuliza.

"Tutaweka tukishaona inafanya kazi. Haya ni majaribio tu."

"Mimea yangu si ya majaribio, Kiranja."

"Sekela, ni nani duniani ameamka leo akitamani ndulele zako?"

Kengele ya chakula ikalia. Ilikuwa siku ya wali, wakaenda.

Waliporudi, Nuhu aliita mmea wa kwanza. Haukuja. Akaita yote. Skrini ikaonyesha neno moja tu: Miau.

Nuhu aliwasha upya seva. Miau.

"Umeandika wewe?" alinong'ona.

"Nilikuwa nakula mbele yako," Sekela alisema.

Mwalimu Mgaya aliitwa, akasoma kumbukumbu za seva, akavua miwani. "Si mtu huyu. Ni programu inayozunguka dunia nzima ikijaribu milango. Ikikuta uliofunguliwa, inaingia, inafuta, inaacha kilio chake cha paka. Haikuhitaji kujua ndulele ni nini. Mna nakala?"

Nuhu aliichukua simu ya klabu, akaitafuta mimea, asiuone hata mmoja. Sekela alikuwa amekaa sakafuni.

"Kuna ua moja," alisema taratibu, "limechanua mara moja tu tangu nije shule hii."

Asubuhi yake paredi ilipigwa na butwaa. Nuhu alikuja amebeba tranka lake, lenye kufuli kubwa kama ngumi, akaliweka chini, akapanda juu yake. Hakuna aliyemwamuru. Wavulana wa mstari wa nyuma walikuwa wamejiandaa kulia kama paka. Walipouona uso wake, wakaghairi.

"Mlango wa majaribio," alisema, "huingiza paka wa kweli."

Akashuka. Klabu haikwenda kwenye maonyesho. Kila Jumamosi Nuhu alimfuata Sekela msituni, akimbebea begi, wakianza upya mmea mmoja mmoja. Mingi waliipata. Ua lile halijachanua tena.

Basi wewe uliyeacha tranka wazi asubuhi hii, ukaniambia mimi kiranja wako unakwenda kunawa tu, libebe twende paredi ya jioni. Mlango wa majaribio huingiza paka wa kweli.