Paa na Swali la Nungunungu

"Enyi mlioketi, masikio yapo?"

"Yapo!"

"Yako wazi?"

"Wazi kabisa!"

Basi hadithi yangu inakuja, ipisheni njia.

Hapo zamani za kale, ukame uliishika nchi. Majani yalibaki ng'ambo ya mto tu, na mto ulijaa mamba. Paa alikuwa na mwana mmoja, na roho yake haikutulia. Mtoto asipokula atakufa. Akivuka vibaya ataliwa.

Punda Milia akatangaza kwamba yeye anajua pa kuvukia. Nungunungu alikuwa ameketi ukingoni. Akamuuliza, "Umejuaje?"

"Najua tu."

Akavuka, wanyama wengine wakamfuata, wakala, jioni wakarudi salama.

Siku ya pili Nungunungu akauliza tena, "Umejuaje?"

"Kwani jana sikuvuka?"

Wanyama wakacheka. Wakamwambia Nungunungu kwamba maneno yake yanachoma kuliko miiba yake. Wakavuka, wakarudi salama. Paa naye alicheka, lakini usiku ule hakulala. Swali lilimganda.

Siku ya tatu akafika mtoni, mtoto akimvuta aende majini. Paa akajiuliza, nami nimejuaje? Akatazama vizuri. Jana na juzi viboko walijaa pale na watoto wao, na mamba walikaa mbali nao. Leo hapakuwa na kiboko hata mmoja.

Akasema, "Bwana Punda, umejuaje?"

"Nawe umeambukizwa? Nimevuka mara mbili."

"Hata mimi nimevuka mara mbili, na sijui. Viboko wako wapi?"

Punda Milia aliona haya mbele ya wenzake. Akakasirika, akajitosa. Maji yakavurugika, kisha yakatulia. Hakutoka.

Wanyama wakaganda kwa hofu. Mtoto akauliza, "Mama, tutapita wapi?"

"Sijui, mwanangu. Twende tukawatafute viboko."

Mama na mwana wakaufuata mto hadi wakawakuta viboko kwenye maji mapana. Nungunungu alikuwa amewafuata nyuma. Akauliza, "Umejuaje?"

Paa akamweleza: mamba wanawaogopa viboko wenye watoto, na viboko ndio hawa. Nungunungu akampisha. Paa akavuka na mwanawe, bado akiogopa, na mtoto akala akashiba.

Ndugu zangu, kubahatisha ukapata si kujua. Anayejua hukwambia sababu, na asiyejua akikiri hajui, ameanza kutafuta.

Hadithi yangu naiacha hapa ukingoni. Anayetaka kuivusha aivushe, lakini kwanza aulize.